Baada ya kubadilishiwa nyonga: kujifunza tena kutembea na kuvaa



Mwezi mzima baada ya kutoka hospitali, mzee mmoja tunayemfahamu alikuwa hajavuka kizingiti cha mlango wake. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa watu, ambaye zamani hakukosa kuonekana barazani kila jioni. Nyonga yake ya kulia, iliyomtesa kwa miaka mingi, ilikuwa imebadilishwa na madaktari. Kidonda kilikuwa kimefunga vizuri, na yale maumivu ya usiku yaliyokuwa yakimkosesha usingizi yalikuwa yamekwisha. Hata hivyo alikataa kutoka chumbani. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba operesheni imeshindwa.

Tulipomtembelea na kuketi naye faragha, alitueleza shida yake kwa sauti ya chini. Hakuweza kuvaa suruali. Mkewe alikwisha kufariki. Mwanawe hutoka alfajiri kwenda kazini na kurudi usiku. Anayebaki nyumbani mchana ni mkamwana wake. "Nimwite mke wa mwanangu aje anivalishe?" alituuliza. "Afadhali nikae ndani."

Hospitalini alikuwa amefundishwa kutembea kwa magongo. Jinsi ya kuvaa hakuna aliyemfundisha, naye aliona haya kuuliza. Basi mguu uliokwisha kutibiwa ukabaki kifungoni kwa sababu ya suruali.

Tunaandika makala hii kwa ajili ya mzee huyo na wengine walio kama yeye, pamoja na wale wanaowauguza. Kazi ya daktari mpasuaji huchukua saa moja au mbili. Kazi ya kumrudisha mtu katika maisha yake ya kila siku huchukua wiki na miezi, na hufanyika nyumbani. Tutaona kwamba kazi hiyo haihitaji vifaa vya gharama kubwa, ila inahitaji maarifa, subira na ndugu wenye busara.

NYONGA NI KITU GANI?

Nyonga ni kiungo kinachounganisha mfupa wa paja na mifupa ya kiuno. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo kama mpira mdogo, nacho hukaa ndani ya kikombe cha mfupa. Mpira na kikombe vyote viwili vimefunikwa na gegedu laini, ili vizunguke bila kukwaruzana.

Gegedu hilo likilika, au kichwa cha mfupa kikifa kwa kukosa damu, mifupa husagana yenyewe kwa yenyewe. Mgonjwa huanza kuchechemea, kisha hushindwa kuinama, na mwisho hushindwa hata kulala. Sababu ni nyingi: uzee, ajali, kuvunjika kwa shingo ya mfupa wa paja kwa wazee wanaoanguka, maambukizi ya kiungo utotoni, unywaji wa pombe kupita kiasi, na matumizi ya muda mrefu ya dawa za aina ya steroidi. Hapa kwetu Afrika ipo pia sababu ambayo haiwangojei wazee, nayo ni ugonjwa wa selimundu. Kwa hiyo usishangae kumwona kijana wa miaka 25 akibadilishiwa nyonga.

Katika operesheni, daktari huondoa kichwa kilichoharibika na kuweka mpira wa chuma au wa kauri wenye shina linaloingia ndani ya mfupa wa paja. Upande wa pili huweka kikombe kipya, ambacho mara nyingi kina plastiki ngumu kwa ndani. Aliyefungua njia ya tiba hii kama tunavyoijua leo ni daktari Mwingereza, John Charnley, wa Hospitali ya Wrightington. Plastiki aliyoitumia mwanzoni ililika upesi, ikabidi wagonjwa wake wapasuliwe tena. Hakukata tamaa, na mwezi Novemba 1962 alianza kutumia plastiki ngumu zaidi iliyofaulu. Leo viungo vingi vya namna hii hudumu miaka 15 hadi 20, na vingine hupita miaka 25.

Zamani Watanzania wengi waliohitaji tiba hii walilazimika kusafiri nje ya nchi. Siku hizi hufanyika humu nchini, kwa mfano katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa mwaka 1996, na katika Hospitali ya KCMC huko Moshi.

MAKATAZO MATATU

Ili kuifikia nyonga, daktari hupita katikati ya misuli na kufungua mfuko wa nyama ngumu unaozunguka kiungo. Kisha hushona. Mpaka sehemu hizo zipone na kukaza, mpira mpya unaweza kuchomoka kutoka katika kikombe chake. Kwa sababu hiyo wagonjwa wengi, hasa waliopasuliwa kwa upande wa nyuma, hupewa makataza haya:

Kwanza, usiikunje nyonga kupita pembe mraba, yaani pembe kama ya kona ya meza. Ukiwa umeketi, goti lisiwe juu kuliko nyonga, wala usiiname kuokota kitu sakafuni.

Pili, usikunje nne, wala usiuvushe mguu uliopasuliwa kwenda upande wa mguu mwingine, hata ukiwa umelala.

Tatu, usiuzungushe mguu huo kuelekea ndani, wala usigeuze kiwiliwili juu yake wakati wayo umekanyaga chini.

Makatazo haya kwa kawaida hudumu wiki 6 hadi 12. Hayako sawa kwa wagonjwa wote. Waliopasuliwa kwa upande wa mbele huwa na maagizo tofauti, na siku hizi wapo madaktari wanaolegeza masharti mapema. Kwa hiyo kabla ya kutoka hospitali muulize daktari wako mambo mawili: ni mwendo gani nimekatazwa, na mpaka lini? Jibu lake ndilo sheria kwako, hata likitofautiana na ukurasa huu.

Sasa hebu fikiri kidogo. Mtu anapovaa soksi kwa namna tuliyoizoea hufanya nini? Huinama, huvusha mguu mmoja juu ya mwingine, na huuzungusha. Huvunja makatazo yote matatu kwa mara moja! Ndiyo maana tunasema kuvaa ni somo la kufundishwa, tena mapema. Yafaa mgonjwa aanze kujizoeza hata kabla ya kupasuliwa, wakati bado anangojea siku yake.

NYUMBA IANDALIWE KABLA

Mgonjwa anapokuwa hospitali, watu wa nyumbani wasikae bure. Mambo haya yafanyike kabla hajarudi:

Kiti. Tafuteni kiti kigumu chenye mikono na kisicho na magurudumu. Pimeni kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti la mgonjwa, kisha ongezeni kama sentimita 5. Huo ndio urefu wa kikalio unaofaa. Kigoda, mkeka na sofa laini linalomdidimiza mtu visitumike kwa wakati huu.

Kitanda. Kikiwa kifupi, kiinuliwe kwa vipande vya mbao au matofali. Vipande hivyo viwe imara na vilingane pembe zote nne, kitanda kisitikisike.

Sakafu. Ondoeni mikeka midogo inayoteleza, nyaya, na viatu vilivyotapakaa. Njia ya kwenda chooni iwe na mwanga usiku, hata kama ni wa tochi ndogo.

Vitu vya kila siku. Dawa, maji, simu, miwani na nguo viwekwe mezani, kati ya usawa wa kiuno na wa bega, ili mgonjwa asiiname wala asijinyooshe kupita kiasi.

KUTEMBEA

Siku hizi mgonjwa husimamishwa siku ile ile ya operesheni au kesho yake. Ndugu wengi huogopa wakiona hivyo, wakidhani ni ukatili. Sivyo. Kulala muda mrefu huleta madhara makubwa zaidi, mojawapo likiwa ni damu kuganda katika mishipa ya miguu.

Hata kitandani yapo mazoezi ya kufanya. Piga nyayo juu na chini kama mtu anayekanyaga cherehani. Kaza misuli ya paja ukilisukuma goti kwenye godoro, hesabu hadi tano, kisha legeza. Kaza makalio na kulegeza. Telezesha kisigino taratibu kuelekea kwako, bila kupita pembe mraba. Fanya kila zoezi mara kumi, na urudie mara kadhaa kwa siku, kama alivyokuelekeza mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi.

Kuinuka kitini kuna utaratibu wake. Jisogeze hadi ukingoni mwa kiti. Tanguliza mguu uliopasuliwa mbele kidogo. Sukuma mikono ya kiti kwa mikono yako, simama kwa nguvu ya mguu mzima, ndipo ushike fremu ya kutembelea au magongo. Usijivute kwa fremu, kwani inaweza kukupindukia. Unapoketi, rudi nyuma mpaka uguse kiti kwa miguu, tanguliza mguu uliopasuliwa mbele, shika mikono ya kiti, kisha jishushe polepole.

Wengi huanza na fremu au magongo mawili, na baadaye huhamia kwenye fimbo moja. Fimbo hushikwa kwa mkono ulio kinyume na mguu uliopasuliwa. Kama ni nyonga ya kulia, fimbo iwe mkono wa kushoto. Watu wengi hukosea hapa, wakidhani fimbo yapaswa kukaa upande wenye ugonjwa. Ikishikwa upande wa pili, inaisaidia misuli ya nyonga kuubeba mwili wakati mguu uliopasuliwa unapokanyaga.

Kwenye ngazi, mguu mzima hupanda kwanza, na mguu uliopasuliwa hushuka kwanza. Unapogeuka, usizunguke juu ya mguu mmoja kama askari wa gwaride. Piga hatua ndogo ndogo mpaka mwili wote ugeuke.

Matembezi ya mara nyingi yaliyo mafupi yanafaa kuliko moja refu. Leo tembea hadi mlangoni, kesho hadi barazani, keshokutwa hadi kwenye mwembe. Haba na haba hujaza kibaba. Mguu ukivimba kidogo jioni, lala chali na kuuinua juu ya mito. Uvimbe mdogo unaopungua usiku ni wa kawaida kwa wiki kadhaa.

Kuhusu safari, pikipiki isahau kwa sasa. Ukipanda gari dogo, kiti cha mbele kisogezwe nyuma na egemeo lake lilazwe kidogo. Rudi kinyumenyume, keti kwanza, ndipo uingize miguu. Mfuko wa nailoni ukitandikwa juu ya kiti utakusaidia kuteleza na kugeuka bila kuujipinda mguu, na uuondoe kabla gari halijaondoka.

KUVAA

Sasa tufike kwenye somo la mzee wetu. Kanuni ni moja, nayo ikaririwe kama jedwali la hesabu: mguu uliopasuliwa huvaa wa kwanza na huvua wa mwisho.

Keti kwenye kiti kile chenye mikono, au ukingoni mwa kitanda kilichoinuliwa. Nguo zote ziwe zimepangwa kando yako kwa utaratibu wa kuzivaa. Zisiwe nyuma yako, kwani utajipinda ukizitafuta. Chagua nguo pana kwa wiki za mwanzo.

Suruali na chupi. Unahitaji fimbo yenye ndoana. Fundi yeyote anaweza kuitengeneza: kijiti laini chenye urefu wa sentimita 60 au 70, na mwishoni kulabu ya waya mnene, ncha yake ikiwa imekunjwa isikuchome. Ning'iniza mkanda wa suruali kwenye ndoana na uishushe mpaka sakafuni. Ingiza mguu uliopasuliwa kwanza. Vuta kwa fimbo mpaka suruali ipite goti, ambapo mkono wako unaweza kuifikia bila kuinama. Sasa ingiza mguu mzima. Pandisha pande zote mbili juu ya mapaja, simama kwa utaratibu tulioueleza, hakikisha kiti kiko nyuma yako, kisha upandishe hadi kiunoni, mkono mmoja ukishika fremu.

Asiye na fimbo atumie vibanio vya nguo viwili vilivyofungwa kamba. Bana mkanda wa suruali kulia na kushoto, shusha suruali kwa kamba, ingiza miguu, kisha vuta.

Wakati wa kuvua, fanya kinyume. Simama, shusha suruali mpaka chini ya makalio, keti, toa mguu mzima kwanza, kisha isukume suruali kwa fimbo itoke mguu uliopasuliwa.

Soksi. Chukua dumu tupu la plastiki la mafuta ya kula. Lioshe vizuri, ukate kipande chenye urefu wa kama sentimita 25 na upana unaoweza kukunjwa kama mfereji ukaingia ndani ya soksi. Lainisha kingo kwa msasa au zizungushie utepe wa plasta, zisikukwaruze. Toboa matundu mawili upande mmoja na ufunge kamba mbili za mita moja. Valisha soksi kwenye mfereji huo, vidole vya soksi vikiwa mwisho kabisa. Dondosha chini huku umeshika kamba, ingiza wayo, na uvute. Plastiki itatoka na soksi itabaki mguuni. Jaribu kwanza kwa mguu mzima mpaka mkono uzoee. Soksi zile za kubana sana zinazotolewa hospitali kuzuia damu kuganda ni ngumu kwa kifaa hiki, hizo uvalishwe na msaidizi.

Viatu. Viatu viwe vya kutumbukiza mguu, visivyo na kamba, vyenye kisigino kifupi na soli isiyoteleza. Kandambili ni hatari kwa sababu huchomoka na kumwangusha mtu. Kijiko cha kuvalia viatu chenye mpini mrefu huuzwa madukani, lakini kipande cha bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu na kulainishwa ncha hufanya kazi hiyo hiyo.

Akina mama wana nafuu yao. Gauni na blauzi hupitia kichwani, na kanga hufungwa kiunoni bila kuinua mguu. Hata hivyo angalieni mambo mawili. Mtu akifunga kanga hutumia mikono yote miwili, hivyo asimame huku nyuma ya miguu imegusa kitanda, ili akiyumba aketi. Pia kanga isiburuze chini. Pindo likikanyagwa na gongo, mtu ataanguka kifudifudi. Kwa wanaume, kikoi na kanzu ni nguo nzuri za wiki za mwanzo ndani ya nyumba.

Mara ya kwanza zoezi hili linachosha. Mzee wetu alitumia karibu nusu saa kuvaa suruali tu, na jasho lilimtoka. Tulitamani kumsaidia, lakini alitukatalia kwa mkono. Tukanyamaza na kungoja.

CHOONI NA BAFUNI

Choo cha shimo cha kuchuchumaa hakifai kabisa kwa mtu huyu, na wapasuaji wengi hushauri asirudie kuchuchumaa kwa kina hata baada ya kupona. Mwiteni seremala atengeneze kiti imara kisicho na mgongo mwororo, chenye mikono na tundu katikati, kiwekwe juu ya shimo. Urefu wake uwe sawa na wa kiti tulichokipima. Miguu yake isikalie mahali penye utelezi. Usiku, kiti kama hicho chenye ndoo chini yake kinaweza kuwekwa chumbani.

Wakati wa kuoga, kidonda kisiloweshwe mpaka utakaporuhusiwa, kwa kawaida baada ya nyuzi kutolewa, kati ya siku 10 na 14. Oga ukiwa umeketi kitini. Ndoo ya maji iwe juu ya stuli kando yako, si chini. Dodoki likifungwa kwenye kijiti kirefu litakusugulia miguu bila kuinama. Kukausha miguu, dondosha taulo na uiburuze juu ya nyayo kwa ile fimbo ya ndoana.

JIKONI, SHAMBANI NA KANISANI

Mama aliyezoea kupikia mafiga atafute meza ya kuweka jiko, au wengine wampikie kwa muda. Kuinama juu ya mafiga ni mwendo ule ule uliokatazwa. Lakini anaweza kuketi kiti kirefu akachambua mboga mezani, na ni vizuri afanye hivyo. Fagio liwe la mpini mrefu. Jembe lingoje ruhusa ya daktari, na kwa wengi huwa ni baada ya miezi kadhaa.

Wasomaji wengine wametuuliza kuhusu kupiga magoti kanisani. Katika kipindi cha makatazo, keti au simama, wala dhamiri isikusumbue, kwani mgonjwa hadaiwi asichokiweza. Tafuta nafasi ya ukingoni mwa benchi na uje na mto mgumu wa kukalia. Baadaye, ukiruhusiwa, jifunze kwa mtaalamu: kwa kawaida hushikwa kitu imara, mguu uliopasuliwa hurudishwa nyuma, na goti lake ndilo linalotangulia kugusa chini, ili nyonga ibaki imenyooka. Wakati wa kuinuka, mguu mzima ulio mbele ndio unaobeba uzito.

NENO KWA WATU WA NYUMBANI

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgonjwa naye asifanywe mgeni wa kudumu ndani ya nyumba yake. Tumeona familia zenye upendo mkubwa zikimchelewesha mgonjwa kupona kwa sababu ya upendo huo huo. Akitaka maji analetewa. Akitaka kusimama anainuliwa kwa kuvutwa mikono. Akianza kuvaa, mtu anamnyang'anya nguo na kumvalisha ili wawahi. Baada ya miezi mitatu misuli imenyong'onyea, na mtu aliyelipiwa operesheni kwa jasho la ukoo mzima bado hawezi kwenda chooni peke yake.

Kusaidia kwa kweli ni kumwandalia nguo mahali anapozifikia, kusimama karibu asianguke, na kungoja. Mpe muda. Kama kuna safari, mwamshe mapema ili asiharakishwe. Msimamie, lakini usimfanyie.

Tena kumbukeni heshima. Mzee au mama mzima haoni aibu kwa sababu ya kiburi. Kuna mambo ambayo mila zetu haziruhusu baba afanyiwe na mkamwana, au mama afanyiwe na mkwewe wa kiume. Ulizeni mapema, kabla hajatoka hospitali: nani atamwogesha wiki za mwanzo? Nani atakuwepo mchana? Maswali hayo yakijibiwa, nusu ya mateso imeondoka.

DALILI ZA HATARI

Mpeleke mgonjwa hospitali mara moja, usingoje siku ya kliniki, ukiona mojawapo ya haya:

- Maumivu makali ya ghafla ya nyonga, mguu umekuwa mfupi au umegeukia ndani au nje, na hawezi kuukanyagia. Huenda mpira umechomoka. Usijaribu kuuvuta, na mkandaji asiuguse.
- Shavu la mguu limevimba, linauma na lina joto. Huenda damu imeganda.
- Kifua kinabana, pumzi fupi ya ghafla, au kukohoa damu. Hii ni hatari kubwa ya kifo.
- Homa, kidonda kuwa chekundu, kutoa usaha au kunuka.

Hata miaka ikipita, usipuuze jipu, kidonda kilichooza au jino bovu. Vijidudu vinaweza kusafiri kwa njia ya damu vikaenda kukaa kwenye kiungo bandia, na kuvitoa huko ni kazi ngumu. Tibiwa mapema, na kila unapokwenda kwa daktari mwambie kwamba una nyonga ya bandia.

KWA KUMALIZIA

Kwa wagonjwa wengi, baada ya wiki 6 hali huwa imebadilika sana. Baada ya miezi mitatu wengi wamerudi kwenye shughuli nyepesi, na nguvu huendelea kuongezeka hadi mwaka mzima. Usijipime kwa jirani aliyepona upesi. Jipime kwa ulivyokuwa wewe mwenyewe wiki iliyopita.

Mzee wetu tulimwachia fimbo ya ndoana aliyotengenezewa na fundi wa mtaani, na mfereji wa soksi uliotokana na dumu la mafuta. Tuliporudi baada ya wiki tatu hatukumkuta chumbani. Alikuwa barazani, suruali imenyooshwa pasi, soksi na viatu miguuni, akibishana na wenzake. Mkamwana wake alitukaribisha kwa furaha akasema, "Siku hizi hata kumwona ni kwa bahati."

Msomaji, kama nyumbani kwako yupo mtu anayengojea operesheni hii, msomee makala hii leo, na fundi aanze kazi ya kile kiti na ile fimbo kabla siku yenyewe haijafika.